Picha ya Baba Akiwa Hai

Mtaani kwetu alikuwapo mzee aliyeitwa Marehemu, na akiitwa anaitika. Jina hilo lilimpata ujanani, alipokuwa mwigizaji katika jumba la maigizo lililo nyuma ya kituo cha zimamoto. Katika kila mchezo wa tanzia uliochezwa pale, yeye ndiye aliyekufa. Wakubwa wanasema alikuwa na sura ya kufa na sauti iliyojua kukatika, na kwamba wanawake walikuwa wakienda pale na leso mbili, ya jasho na ya Marehemu.

Asubuhi alipoingia kwetu mimi nilikuwa nafuta kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za ahera?" shangazi yangu alimuuliza bila kuinua kichwa kwenye msumeno.

"Kumejaa. Wamenirudisha."

Shangazi alicheka mpaka akaacha kukata. Wale wawili walizoeana tangu zamani, na kila wakikutana walianzia hapohapo, kama watu wanaofungua mlango kwa ufunguo uleule.

Kazi yetu ni kutia picha kwenye fremu. Karakana ni chumba kimoja kirefu, mbao zimeegemezwa ukutani kwa urefu wake, na katikati ipo meza kubwa iliyotandikwa zulia kuukuu ili vioo visikwaruzike. Shangazi anakata mbao na kuunga pembe. Mimi nakata vioo, na nakata dirisha. Dirisha ndilo jina letu la ile kadi nene inayokaa kati ya kioo na picha, iliyotobolewa katikati ili picha ionekane na isigusane na kioo. Watu wengi huiona kama pambo tu, lakini hiyo kadi ndiyo inayoamua jicho liangalie wapi.

Marehemu aliweka mezani bahasha kubwa ya kadibodi iliyofungwa kwa utepe wa nguo. Aliufungua utepe polepole, kama anayemvua mgonjwa bandeji. Ndani mlikuwa na picha za kuchapwa, karatasi nene zilizogeuka rangi ya chai pembeni, na kila karatasi ilikuwa na yeye anakufa.

Sijawahi kuona vitu kama vile. Siku hizo, alitueleza, jumba lilikuwa na mchoraji wake. Alikaa kiti cha pembeni na kuchora mchezo ukichezwa. Baadaye mchoro ulichongwa kwenye bamba, ukachapwa kwa wino mweusi, kisha wasichana wakapaka rangi kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Ziliuzwa mlangoni watu wakitoka, macho bado mekundu.

"Kwa nini walikuchora ukifa tu?" nilimuuliza.

"Kwani wewe ungenunua mfalme anakunywa uji?"

Nikainama kuzitazama. Kulikuwa na jemadari aliyeangukia upanga wake, joho limemzunguka kama maji yaliyomwagika. Kulikuwa na hakimu mwenye ndevu za kubandika, amemhukumu kijana na sasa amejua kwamba kijana ni mwanawe, kifua kimempasuka. Kulikuwa na mfalme aliyemtilia nduguye sumu, vikombe vikabadilishana mezani, akainywa mwenyewe. Rangi nyekundu ilikuwa imevuka mstari mahali pengi, nikamfikiria msichana mmoja aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Lakini nyuso zilichorwa na mtu mwenye subira. Niliweza kuona mshipa shingoni.

"Nzuri sana," alisema shangazi. "Unataka zote?"

"Nataka moja. Nataka niliyo hai."

Shangazi aliziangalia tena, moja moja, akamwangalia na yeye.

"Huna," alisema.

"Najua sina. Ndiyo maana nimekuja kwa mafundi."

Akavuta kiti. Binti yake, mwanawe wa pekee, amehamia nyumba yake mwenyewe, na sebuleni ametenga ukuta mzima kwa ajili ya wazee wake. Mama yake yupo, Mungu amrehemu. Bibi zake wapo. Mashangazi wapo. Hata mjomba wao mmoja ambaye hakuwahi kumsalimia mtu yupo, na amepewa fremu ya dhahabu.

"Mimi sipo," alisema Marehemu. "Siku za sherehe nilikuwa jumbani. Siku za mapumziko nilikuwa jumbani. Kwenye picha zote za nyumba ile mpiga picha alikuta kiti changu kitupu. Sasa binti ameniambia, baba, niletee picha yako ya siku zile nilipokuwa mdogo, nikutundike, lakini uwe hai."

"Si ile ya kitambulisho?"

"Umewahi kuiona? Hawa wanaokufa hapa wote wana afya kumshinda yule."

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anazinyoosha pembe za karatasi ambazo hazikujikunja.

"Aliwahi kuniona nikifa," alisema. "Mama yake alimleta bila kuniambia, alitaka kunifurahisha. Mtoto hata darasa la kwanza hajafika. Alitolewa nje akilia. Tangu siku hiyo ananiheshimu, ananihudumia, sina la kumlaumu. Ila hanitazami machoni. Anatazama hapa." Aligusa nyuma ya sikio lake. "Nimejipapasa miaka yote, sijaona kitu. Sasa nikimpelekea mojawapo ya hizi, basi. Na nisipompelekea kitu, ukuta utajaa, nafasi itakwisha. Nimeuona. Imebaki nafasi moja karibu na swichi ya taa."

"Ni mchezo upi aliouona?" shangazi aliuliza.

Marehemu alifungua mikono.

"Hapo ndipo nilipokwama. Msimu ule tulikuwa tunabadilisha, leo huu, kesho ule. Nilikuwa nakufa mfululizo. Mama yake alisema tu, mtoto ameona. Sikuuliza ameona nini. Kwangu mimi ilikuwa kazi, ni kama mtu aulizwe ni siku gani alipika wali."

Alichotaka ni hiki: tukate. Tubakize uso tu, tutupe upanga, tutupe damu. Shangazi alikataa palepale. Katika karakana yake hakati karatasi ya mtu, na dirisha lake halifuniki hata kidole cha alichochora mchoraji. Alifundishwa hivyo na aliyemfundisha, na mimi amenifundisha hivyo. Amewahi kumrudisha bwana arusi mzima aliyetaka mama mkwe afunikwe.

"Mzee wangu, mimi sikati mtu," alisema.

"Basi usinikate. Nifunike."

"Ni kilekile."

"Si kilekile. Ukinifunika, huko nyuma bado nitakuwapo mzima."

Shangazi alinyamaza. Nikajua amekubali, kwa sababu akikataa huwa anaongea.

Tuna vipande viwili vya kadi vilivyopinda kama kiwiko. Ukivikutanisha juu ya picha unapata dirisha ambalo unaweza kulikuza na kulipunguza kabla hujagusa kisu. Nilivichukua nikaanza na jemadari. Upanga ukatoka, joho likatoka, akabaki mwanamume amekunja uso.

"Jino linamuuma," alisema shangazi.

Nikaenda kwa hakimu. Alikuwa amefumba macho, na kidevu kimelala kifuani. "Huyu amesinzia mkutanini," alisema Marehemu mwenyewe. Nikajaribu wengine, wote wakawa na jambo: mmoja povu, mwingine jeraha lililo karibu mno na shavu. Kisha nikafika kwa mfalme wa kikombe.

Kwenye karatasi nzima mfalme ameanguka kwa magoti. Taji liko sakafuni, kikombe kimebingirika mbele yake, malkia mwenye gauni la buluu amempigia magoti upande wa kulia. Nilisogeza kadi za kiwiko taratibu. Malkia akatoka. Taji likatoka. Kikombe kikatoka. Vikabaki kichwa, kifua na mkono wa kulia ulionyooshwa, na hapo niliacha, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine mezani. Kichwa chake kimeinuka, macho yamefunguka, mdomo umeachana kidogo kama uko katikati ya neno. Ungesema ni baba aliyekuwa ameketi barazani akaona mgeni anayempenda anapita, akamnyooshea mkono.

Marehemu aliinamia meza.

"Huyu ni nani?" aliuliza Marehemu.

"Ni wewe," nilimwambia.

"Ana furaha." Aliinamia zaidi. "Jamani. Kumbe nilikuwa kijana mzuri."

Lakini nilimwona pia akitazama pale kikombe kilipokuwa, chini ya kadi yangu. Kidole chake kilipagusa. "Hapa," alisema, "taji likigonga sakafu, watu walikuwa wanapiga ukelele. Jumba zima. Mpaka nasikia kwenye mbavu." Kisha akaondoa kidole. "Funika, mwanangu. Funika tu."

Nikalikata dirisha lile kwa uangalifu kuliko mengi niliyowahi kukata. Shangazi alichagua mbao nyembamba nyeusi, isiyojisifu. Picha ilipokuwa tayari tuliiegemeza rafuni, na kila aliyeingia alisema, huyu baba anamwita nani? Tulifurahi. Tulijiona tumemfufua mtu.

Siku ya kuichukua hakuja peke yake. Alikuja na binti yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa hesabu, amevaa viatu vya kutembelea mbali na mkoba begani, na alikuwa na ile njia ya walimu ya kusalimia chumba kizima mara moja. Baba yake alikuwa amevaa koti. Alikuwa amenyoa. Alisimama nyuma yake kidogo, akanipa ishara kwa nyusi: ilete.

Niliileta, nikaiweka mezani mbele ya binti juu ya zulia.

Aliitazama. Nilikuwa nimezoea nyuso za watu wanapoona picha zao kwenye fremu mara ya kwanza, huwa zinapanuka. Wake haukupanuka. Aliweka mkoba chini, akaweka mikono miwili ukingoni mwa meza.

"Kikombe kiko wapi?" aliuliza.

Shangazi aliokota nyundo mezani.

"Kikombe kipi, mwanangu?" alisema Marehemu.

"Cha mfalme. Kilikuwa hapa." Aliweka kidole juu ya kioo, juu ya kadi nyeupe kabisa, na kidole kilitua mahali penyewe. "Kilibingirika mpaka ukingoni nikadhani kitaanguka. Na huku kulikuwa na mama mwenye nguo ya buluu. Baba, nilisema uwe hai."

Shangazi aliweka chini nyundo aliyokuwa ameishika bila sababu.

"Dada, tuliofunika ni sisi," alisema. "Tusamehe. Tulimwona mtu anacheka."

"Hacheki," alisema binti, na hakusema kwa ukali. "Hapo anamalizia. Nimekuwa nikimwona hivi miaka yote, nikifumba macho ndiye huyuhuyu. Mimi hata mkinibakizia jicho moja nitamjua."

Nilitamani kuwa nje nafagia. Baba na mtoto walisimama pande mbili za meza, wote wanamtazama mfalme kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutazamana.

"Kumbe ni huu," alisema Marehemu hatimaye. "Ndio huu uliouona."

"Ndio huu. Ulianguka, ukanitazama, ukanyoosha mkono, ukasema, njoo."

"Ndiyo. Neno la mwisho ni hilo. Mfalme anamwita ndugu yake."

"Uliniita mimi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesoma majibu ya mtihani. "Tulikaa mbele. Ulinitazama ukasema njoo, na mimi nikanyanyuka nije, mama akanishika kiuno. Nilimpiga mama, nilimng'ata mkono. Akanibeba akanitoa. Ningekuja, baba. Nataka tu ujue. Ningekuja."

Mzee yule alishika ukingo wa meza.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa simwoni mtu yeyote."

"Ulinitazama."

"Sikiliza. Ukiwa jukwaani taa zinakupiga machoni. Mbele yako ni giza, kama kisima. Unasikia wanakohoa, huwaoni. Na aliyetufundisha alikuwa mkali kwa jambo hili: ukifa, usiyaachie macho yazurure. Chagua kitu kimoja juu ya vichwa vya watu, kifie hicho. Wengine walichagua nguzo, wengine saa. Mimi nilikuwa na taa ndogo ya kijani, ile ya mlango wa kutokea. Vifo vyangu vyote nilivifia taa ile."

Binti alimtazama sikioni, kisha akateremsha macho.

"Taa," alisema.

"Ya kijani."

"Miaka yote hii nimebeba taa."

"Ilikuwa juu ya kichwa chako, bila shaka. Kama ulikaa katikati."

"Tulikaa katikati."

Shangazi aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye kopo la misumari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Binti alitoa pumzi ndefu puani, na kona moja ya mdomo ikapanda.

"Na ile nyeupe?" aliuliza.

"Ipi?"

"Ukirudi nyumbani. Nyuma ya masikio kulikuwa na nyeupe. Kila ukirudi."

Marehemu aligusa nyuma ya sikio lake, palepale alipotuonyesha siku ile. Alikaa hivyo.

"Poda ya kufia," alisema taratibu. "Ilikuwa haitoki kwa maji baridi, na jumbani hapakuwa na maji ya moto. Kwa hiyo ndicho ulichokuwa unatazama?"

"Nilikuwa naangalia kama imepanda. Niliona umekufa, halafu jioni anakuja mtu ana sauti yako, amebeba mkate, ana rangi ya maiti nyuma ya masikio. Nilidhani aliyerudi ni mwingine, na wewe umebaki kulekule sakafuni. Baadaye nikakua, nikajua. Lakini kujua na macho ni vitu viwili. Macho yalishazoea kwenda huko."

"Hukuuona mwisho," alisema baba yake.

"Niliuona."

"Hukuuona. Ulitolewa nje." Alikuwa ameanza kuvua koti. "Fundi, ondoa hivyo vipande vya kioo hapo chini."

"Mzee, usifanye," alisema shangazi.

"Ondoa tu."

Nilifagia haraka. Shangazi alivuta kiti pembeni. Marehemu alisimama mahali penye nafasi, kati ya meza na mbao, akatikisa mikono kama anayeikausha, na akatazama juu ya vichwa vyetu. Nilifuata macho yake. Pale juu tuna kalenda tu. Akaichagua.

Sitaweza kueleza vizuri. Alikuwa mzee mwenye suspenda na soksi zisizofanana, na unga wa mbao ulikuwa umemshika suruali. Alishika kikombe kisichokuwapo, akanywa. Hakufanya kitu kikubwa. Alisubiri tu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili, na nikaona anaelewa. Ilianzia magotini. Alikwenda chini, mkono ukanyooka, na aliposema "njoo" nilisogea. Sikuamua, mguu wangu wenyewe ulisogea. Kisha akalala ubavu na uso wake ukatoka, sijui niseme vipi, kama taa inavyotolewa chumbani.

Binti alikuwa amejishika mkono mmoja kwa mwingine, kwa nguvu, pale juu ya kifundo.

Marehemu alibaki sakafuni. Nje kuna mtu alipita anasukuma mkokoteni. Bado alibaki. Nikainama kumwendea, na shangazi akanivuta nyuma kwa kanga niliyojifunga.

"Usimguse," alininong'oneza. "Hajamaliza."

Kwanza ulikwenda mkono. Ulitafuta mguu wa meza ukaushika. Kisha goti moja likalia kama kitasa, tukasikia sote. Kisha akasema, na uso bado uko sakafuni, "Ngojeni, ngojeni," na akapanda kidogo, akapumzika, akapanda tena, akimtukana mtu fulani kwa sauti ya chini, nadhani goti. Alisimama. Alipukuta unga wa mbao kwenye suruali, upande wa kulia, upande wa kushoto. Aliweka mkono kifuani akainamisha kichwa kwetu.

"Ndio huo mwisho," alisema akihema. "Kila siku ulikuwa hivyohivyo. Pazia likishuka nainuka, linafunguliwa tena, nainama. Jumba zima liliniona nikiinuka isipokuwa wewe."

Binti yake alimtazama. Hakutazama sikio.

"Umechelewa kuinuka," alisema.

"Siku zile nilikuwa naruka."

"Halafu? Ukishainama?"

"Halafu naomba maji. Kufa kunakausha koo."

Shangazi akaniambia nikamletee mzee maji, nikaenda mtungini. Niliporudi binti alikuwa amempa baba yake kiti na alikuwa anampukuta mgongoni, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayepiga mkeka. Marehemu alivumilia.

"Hii siwezi kuitundika hivi," alisema binti, akielekeza kidevu kwenye fremu. "Samahani, mafundi. Kazi yenu ni nzuri. Lakini huyu mliyemtengeneza mimi simfahamu."

"Nitatafuta nyingine," alisema baba. "Nitakwenda studio. Na meno haya."

"Sikusema nyingine. Karatasi iko nzima huko nyuma?"

"Nzima," alisema shangazi. "Mimi sikati mtu."

"Basi mfungue dirisha. Nataka kikombe. Nataka taji, na yule mama wa buluu, mpaka maandishi ya chini. Watoto wangu watauliza babu anafanya nini pale. Nitawaambia anakufa. Watauliza, halafu? Hapo baba utakuja mwenyewe uwaonyeshe."

"Sebule yako ni ya vigae," alisema Marehemu. "Nitavunjika."

"Nitatandika godoro."

"Mfalme hafi juu ya godoro."

"Wa nyumbani kwangu atafia."

Walikubali kusubiri. Nilifungua misumari ya nyuma, nikatoa kadi ya kwanza, nikachukua kadi mpya na kuanza kupima. Shangazi alikuwa anaunga fremu kubwa zaidi, kwa sababu ile ya kwanza sasa haikutosha. Wao walikaa kwenye benchi la ukutani, mkoba umewekwa kati yao. Mwanzoni walikuwa wanaongea: nilisikia habari za shule, za bomba la jikoni linalovuja, za mjomba wa fremu ya dhahabu, ambaye ilibidi asogezwe ili picha hii ienee, na Marehemu akasema asogezwe hata mpaka chooni. Kisha nikaona sauti imebaki moja, kisha hakuna.

Niliinua macho. Mzee alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. Mdomo umeachana, mkono wa kulia umelegea umeteleza nje ya benchi, kiganja wazi. Shangazi aliona pia, nyundo ikasimama hewani. Tulimtazama binti.

Binti aligeuza kichwa akamtazama baba yake usoni, bila haraka. Alikaa akimtazama hivyo, na mimi nikasahau kisu mkononi. Kisha aliuchukua ule mkono uliokuwa unaning'inia, akaurudisha mapajani pa mwenyewe, akaliweka koti juu yake.

"Anakoroma," alituambia. "Endeleeni tu."